Mkate wa Marehemu

2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote

Leo nimemsugua Pantaleo kwa brashi na sabuni ya kufulia, maana njiwa hawamheshimu mtu. Nimembadilishia maua, nimemwashia taa, nimempa habari za binti yetu Assunta, kwamba mumewe bado hana kazi na watoto wanarefuka kila ukigeuka. Safu mbili chini, Oronzo alikuwa anamsugua Nzina, marehemu mkewe. Tulipomaliza tukakutana geti la makaburi, akanipokea ndoo, tukarudi nyumbani pamoja kama kila mwaka.

Shule sikwenda hata siku moja. Herufi nilizipata kwa Assunta alipokuwa darasa la kwanza, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikimenya maharagwe pembeni yake. Kwa hiyo anayesoma hapa asinitafutie makosa. Atayapata bila kutafuta.

Mambo yenyewe ni haya. Pantaleo aliangukiwa na jiwe machimboni Assunta akiwa na miaka tisa. Tangu hapo serikali hunilipa kila mwezi pale posta, kwa sharti moja: nibaki mjane. Nikiolewa, inakatika. Oronzo alikuja miaka sita iliyopita kunizibia paa. Akaziba, akala, akalala. Paa likaisha, yeye hakuisha. Ndoa hatukufunga, kwa kuwa mimi si mwendawazimu. Pensheni yake ni ya kibarua wa mashamba, haimtoshi hata tumbaku. Ya Pantaleo inalisha nyumba mbili, yangu na ya Assunta.

Wajane wa namna yangu katika mji huu tuko wengi. Padri wa zamani, Mungu amrehemu, akitufikia wakati wa komunyo alikuwa anatazama dari. Padri mpya, Eligio, anatazama watu usoni.

5 Novemba

Mvua. Zeituni hazichumiki. Magoti yananiuma kabla ya kazi yenyewe.

8 Novemba, Jumapili

Nilipanga mstari kama kawaida. Padri Eligio alipofika kwangu akairudisha hostia, mkate wa Bwana, kikombeni, akaniwekea mkono kichwani kama anavyowafanyia watoto wachanga, akapita kwa Uccia. Huyu Uccia ni jirani yangu, ulimi wake umeua watu wengi kuliko homa, na yeye alipewa. Mimi nikabaki na mdomo wazi mbele ya kanisa zima.

Baada ya Misa nikamfuata sakristia. Alikuwa anakunja mavazi yake, masikio mekundu. Kijana wa watu, nguo zake hata hajui kuzikunja. Akaniambia bila kupandisha sauti, "Bibi Cosima, olewa naye au achana naye. Katikati hakuna."

"Padri, nikiolewa serikali inaninyang'anya mkate. Nisipoolewa unaninyang'anya wewe. Sasa nile nini, mawe?"

Akasema sheria hakuitunga yeye. Nikamwambia karani wa pensheni naye husema hivyo hivyo, basi muoane ninyi wawili.

Nilipofika nyumbani Oronzo alikuwa amekwisha sikia. Kanisani haendi, ila habari za kanisani humfika kabla yangu. Alikata mkate, akaniwekea kipande cha katikati, kile laini.

9 Novemba

Tumetandaza nyavu chini ya miti ya juu. Upepo wa kusi, joto la uongo, jasho mgongoni mwezi wa kumi na moja.

11 Novemba, Mtakatifu Martino

Tumefungua divai mpya. Chungu. Tumekunywa hivyo hivyo.

13 Novemba

Nimekwenda ofisi ya chama cha wafanyakazi kwa bwana Quintino, anayewasaidia wazee na mambo ya pensheni. Ni mtu mwema, anakohoa sigara kila neno la tatu. Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza punda. Akanieleza. Kuishi na mwanamume, hata angekuwa na masharubu ya mfalme, serikali haina habari. Kuolewa ndiko kunakokata. Padri akifungisha ndoa hupeleka jina manispaa, manispaa hupeleka kule juu, na mwezi unaofuata dirisha la posta limefungwa. Kwa kukuaga wanakupa kitu cha mkono mara moja, kama zawadi ya harusi, kisha kimya mpaka kaburini.

Nikamuuliza, ya Oronzo je, nikishakuwa mkewe? Akaniambia hiyo ni ndogo sasa, na akifa itakuwa ndogo zaidi.

Halafu akafunga mlango akanong'ona. Iko njia, alisema, wazee wanaijua. Ndoa mbele ya Mungu peke yake. Milango inafungwa, mashahidi wawili wanaapa kufunga midomo, majina yanaandikwa katika kitabu cha siri cha askofu, manispaa haipati hata harufu. Lazima askofu akubali. Mjane wa mji wa pili alifanyiwa, akafa na pensheni yake na komunyo yake.

Nilirudi nikitembea kama msichana. Kilima kile huwa kinanimaliza.

15 Novemba, Jumapili

Padri Eligio amekubali kumwandikia askofu. Sikutarajia. Lakini mpaka jibu lije, kasema, muishi kama kaka na dada.

Oronzo, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akamwambia, "Padri, kwa magoti haya tumekuwa kaka na dada tangu mwaka juzi."

Padri hakucheka. Akasema Mungu anajua, ila watu hawajui, na watu lazima waone. Kila mtu chumba chake. Basi Oronzo amehamia ghalani nyuma, kati ya mitungi ya mafuta na nyavu zilizochanika. Nimempa godoro la sufu. Amelibeba mwenyewe, hakutaka nimsaidie.

17 Novemba

Zeituni, zeituni, zeituni.

20 Novemba

Nimefunga kamba ya pili uani. Nguo zangu kwenye moja, zake kwenye nyingine, ili mtaa usome. Uccia akasoma. Alitoa kichwa juu ya ukuta akaniambia, "Shoga, kaka yako anavaa suruali ndefu za ndani. Wa kwangu alioa nazo."

Nikamwambia wa kwake alioa nazo kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuonyesha. Tulicheka mpaka akashika ubavu. Kisha nikaingia ndani nikakaa. Nimechoka kuchekwa, hata ninapocheka nami.

24 Novemba

Upepo umegeuka, sasa ni wa kaskazini. Unapita chini ya mlango wa ghala kama maji. Nimempelekea Oronzo tofali la moto lililofungwa kitambaa. Nimelipitisha mlangoni bila kuingia, maana Uccia alikuwa dirishani. Kama mlinzi wa gereza na mfungwa wake.

26 Novemba

Assunta kaja kuchuma nasi. Ana mikono ya baba yake. Aliniuliza kama ni kweli mambo ya ndoa. Nikamwambia ya siri, pensheni haiguswi. Akapumua kwa nguvu hata nikamwona mabega yakishuka. Kuhusu Oronzo ghalani hakuuliza.

29 Novemba, Jumapili

Jibu la askofu limekuja. Amekubali. Padri Eligio alikuja mwenyewe kutuambia, na nilimpa kahawa katika kikombe chenye mstari wa dhahabu. Akasema Jumamosi jioni, kanisa likiwa limefungwa, waje Quintino na dada yake wawe mashahidi. Alikuwa na furaha. Ukimwona hivyo si mtu mbaya, ni mtu aliyepewa funguo nyingi mno akiwa mdogo.

Oronzo akamsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mimi simo," akasema.

Nikadhani hakuelewa. Nikamweleza tena kama Quintino alivyonieleza mimi. Akasema ameelewa tangu mwanzo. Padri akainuka, akatuaga, akatuacha, na hapo alionyesha akili.

"Kwa Nzina niliingia kanisani na bendi ya matarumbeta," Oronzo akasema. "Kwako niingie kwa mlango wa mbuzi?"

Nikamwambia matarumbeta hayapiki supu. Nikamwambia ana miaka sabini na moja, anataka ngoma za nini. Nikamtajia watoto wa Assunta mmoja mmoja, viatu vyao, meno yao. Mimi nikikasirika husema yote, hata ya jana na juzi. Aliningoja nimalize.

"Cosima, ghalani nimekwenda. Chupi zangu umezitundika uani watu wazihesabu, nimenyamaza. Lakini siku nikifa, utavaa nyeusi ya nani? Utamlilia nani mbele ya watu? Kaka?"

Akatoka. Alikwenda kupasua kuni zilizokwisha pasuliwa.

Nimekasirika sana. Anaona mimi nimechagua pensheni. Mimi sikuchagua kitu, nilikuta meza imekwisha tandikwa.

4 Desemba

Baridi kali. Anakohoa. Nimemwambia arudi ndani, padri na dunia nzima wakajinyonge. Kasema ahsante, dada, pako vizuri hapa.

7 Desemba

Nimekaanga maandazi ya mkesha wa sikukuu ya kesho, yale ya unga laini yenye samaki wa chumvi. Kwa kawaida Oronzo huyaiba kwenye sufuria yakiwa bado yanalia mafuta. Leo nilimpelekea sahani. Aliirudisha kama ilivyokwenda.

8 Desemba

Homa. Nimemburuta ndani kwa nguvu, nikamlaza kitandani kwangu, upande wake. Uccia aliniona nikimburuta. Alikuja akashika miguu. Yule mwanamke ana mikono ya mtu mwema, basi tu alipewa mdomo wa mtu mwingine.

10 Desemba

Kichomi, mapafu yote mawili. Gari la wagonjwa limempeleka hospitali ya mji mkubwa. Mimi hawakunichukua.

12 Desemba

Nilikwenda na basi la asubuhi. Mlangoni mwa wodi muuguzi, msichana mpole, akaniuliza mimi ni nani wake. Ndugu pekee ndio wanaoingia, wagonjwa wa vifua wako hoi.

Nilisimama pale na mfuko wangu wa machungwa. Neno la kweli sikuwa nalo. Miaka sita namfulia, namkata kucha za miguu kwa kuwa yeye hainami tena, na katika lugha yote ya watu sikuwa na neno moja la kumpa yule binti.

"Dada," nikasema.

Akaniruhusu. Oronzo alikuwa mweupe, na mpira wa hewa puani. Nikamwambia nimepita kwa jina la dada. Alitaka kucheka, kikohozi kikamkamata. Niliketi nikamshika mkono chini ya shuka, kwa kuficha, kama mwizi wa kuku.

15 Desemba

Nitayaandika yote leo, hata mkono ukiuma.

Hospitali ilimpigia simu Brizio, mwana wa Oronzo, anayefanya kazi kiwanda cha magari huko kaskazini. Kaja na treni ya usiku kucha. Nilipofika alikuwa ameketi kwenye kiti changu. Nilikuwa sijamwona tangu harusi yake. Ana masikio ya baba yake na macho ya mtu ambaye hajalala.

Muuguzi akaingia, akafurahi kuona familia imekamilika. Akamwambia, "Shangazi yako amekuwa akija kila basi linapokuja."

Brizio akanitazama, akamtazama muuguzi. "Baba hana dada," akasema.

Sikuwahi kuona aibu kama ile, hata siku ya komunyo. Muuguzi alinionea huruma, na hilo likazidi. Akasema hakusikia kitu, akatoka.

Brizio hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nina ya kwangu ya kutosha. Aliniketisha. Akanishukuru kwa kumtunza baba yake. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayeeleza habari ya msiba, kwamba daktari anasema mzee hawezi kurudi kwenye ghala lenye baridi, kwamba amesikia mambo ya ghala, kwamba yeye ana chumba chenye joto ghorofa ya nne, na baada ya sikukuu atamchukua.

"Bibi Cosima, mimi najua wewe ni nani kwake," akasema. "Lakini wakiuliza nani aweke sahihi, ni mimi. Wewe hapa hujaandikwa popote."

Nikamgeukia Oronzo. Nikamwambia sema wewe, unataka nini, si bubu. Ghorofa ya nne, mtu ambaye hajawahi kulala mbali na mti wa zeituni isipokuwa vitani. Aliivuta hewa ya mpira, akafumba macho.

"Muulizeni dada yangu," akasema.

Mzee mkaidi, mwenye kiburi, anakufa na bado ananingoja. Nilitaka kumpiga na machungwa. Na hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwa akinitania tangu siku ya kwanza ya ghala. Alikuwa anauliza swali moja lile lile kila siku, nami nilikuwa namjibu kwa tofali la moto.

Nikawaza viatu vya watoto. Nikawaza dirisha la posta. Nikamwaza Pantaleo chini ya jiwe lile, na mimi nikila jiwe lile miaka yote.

"Mimi si dada yake," nikamwambia Brizio. "Ni mke wake. Sijapeleka habari manispaa tu. Nitapeleka."

Oronzo hakufumbua macho, lakini mkono wake ulitoka nje ya shuka.

Brizio akaniuliza kama najua ninachokipoteza. Nikamwambia nakijua mpaka rangi ya noti zake. Akasema, basi mimi ni nani wa kumchukua.

17 Desemba

Assunta kaja jikoni kwangu bila kuvua koti. Uccia au upepo, habari zilimfika.

Alisema polepole, na sauti ya polepole ya Assunta ni mbaya kuliko kelele. Kwamba mumewe amefuata vibarua hata kwenye kinu, hakuna. Kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyesema pensheni haiguswi. Kwamba mwanamke wa umri wangu angeona haya.

"Umenunua mume kwa mkate wa wajukuu zako," akasema.

Maneno yalinikata, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Nilifuta mikono kwenye aproni. Nilimwambia kilichokuwa ndani yangu tangu hospitali:

"Assunta, baba yako amefanya kazi zaidi akiwa mfu kuliko alivyofanya akiwa hai. Amekulea wewe, amekuoza, amewanunulia watoto wako maziwa. Kila mwezi nakwenda kumwamsha nimtie kazini. Mwache sasa alale."

Alilia kama alivyolia akiwa na miaka tisa, akiwa amesimama, mikono chini. Nilitaka kumkumbatia, akanizuia. Akatoka. Mlango hakuupiga. Afadhali angeupiga.

25 Desemba

Oronzo yuko nyumbani, kitandani, anadai chumvi kwenye supu. Majina yetu yako kwenye ubao wa matangazo ya ndoa manispaa, Uccia kayasoma kwa sauti mtaa mzima. Misa nilikwenda peke yangu, nikabaki kwenye benchi wakati wa komunyo. Padri Eligio alinitazama kwa macho ya kuomba radhi. Assunta hakuja kula.

30 Desemba

Mume wa Assunta kaondoka kwenda Ujerumani kuosha vyombo hotelini. Sikuambiwa. Niliona sanduku likipita.

9 Januari, Jumamosi

Nimeolewa, Misa ya asubuhi, gauni la kahawia. Oronzo alisimama kwa fimbo na kwa bega la Quintino. Padri Eligio alinipa komunyo. Nikaimeza. Ladha yake ni ile ile.

Huku kwetu mjane akiolewa na mjane, mtaa huja jioni chini ya dirisha na masufuria, kengele za ng'ombe na vifuniko, wapige mpaka watolewe divai. Wenye haya hulipa mapema wasije. Mimi nilisahau, au nilichoka. Wakaja wote, Uccia mbele na beseni la shaba la kufulia, akilipiga kwa mwiko kama ana ugomvi nalo. Waliimba matusi ya magoti yetu, ya suruali zake, ya kamba mbili uani. Nilitaka kufunga dirisha.

Oronzo akasema fungua. Akajifunga blanketi, akaketi dirishani na baridi ile, akawapungia mkono kama askofu. Machozi yanamtoka, anaisikiliza kelele ile mpaka mwisho. Divai yote ya Martino imekwisha.

14 Januari

Miti ya mwisho. Nilipofika shambani nilikuta nyavu zimekwisha tandazwa. Assunta alikuwa upande wa pili wa mti, amepiga magoti. Tumechuma mpaka mchana. Alipoondoka alichukua mkate niliomfungia.

20 Januari

Mvua. Hakuna cha kuandika.

1 Februari

Leo ni siku ya wajane posta. Nilikuwa nimetoka kununua dengu, na miguu ikageuka yenyewe kuelekea kule, kama punda anayejua njia ya kinu. Walikuwa wamepanga mstari ukutani na mashali yao meusi. Uccia, ambaye husimama nyuma yangu siku zote, alirudi hatua moja kunipa nafasi yangu.

Nikamwambia mimi si wa hapa tena. Akasema anajua, ni mazoea. Ile nafasi ilikaa wazi kidogo, kisha wakasogea, ikaziba.

Nyumbani Oronzo alikuwa amewasha moto na kuunguza vitunguu. Akaniuliza mbona nimechelewa. Nikamwambia nilipita posta kumuaga Pantaleo.

Alisimama, akavua kofia, akabaki hivyo mpaka nilipomwambia chakula kinapoa.